Chuma kimepungua mwilini? Usiilaumu chapati kabla ya kupimwa

Siku hizi sisi madaktari wa mijini tunasikia malalamiko mawili yakiletwa kwa pamoja. La kwanza ni lile la siku zote: "Daktari, damu yangu imepungua." La pili ni jipya kidogo: "Nadhani tumbo langu halipatani na ngano." Aghalabu anayeyasema huwa amekwisha kuacha mkate na chapati tangu wiki tatu au nne zilizopita, kwa ushauri wa jamaa au mwenzake kazini. Anachotaka ni daktari athibitishe yale aliyokwisha kuyaamua.

Simlaumu. Kuna ugonjwa wa kweli unaoyaunganisha mambo hayo mawili, nao huitwa siliaki. Lakini kuutafuta kuna utaratibu wake, na mtu anayeanza kwa kuacha ngano ameanzia mwisho. Naandika makala haya kwa ajili ya makundi mawili ya wagonjwa. Wapo wanaomeza vidonge vya damu mwaka baada ya mwaka bila mtu yeyote kuuliza damu hiyo inakwenda wapi. Wapo pia wanaojinyima chakula kwa hofu ya gluteni, huku maradhi yanayowamaliza yakiwa ni mengine kabisa. Wote hao wangesaidiwa na utaratibu ule ule mmoja, na wengi wao hawaupati.

Kupungua kwa chuma ni ishara

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi za madini ya chuma. Sehemu kubwa imo katika hemoglobini, ile chembechembe inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni. Kiasi kingine huwekwa akiba, hasa katika ini. Kila siku mtu mwenye afya hupoteza miligramu 1 au 2 tu, na utumbo hufyonza kiasi kama hicho kutoka kwa chakula. Hesabu hiyo ikikosa kulingana, hata kwa kiasi kidogo, akiba huanza kuliwa. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa sababu mambo huenda polepole, mwenye kuugua huzoea. Husema ni kazi nyingi au ni uzee. Hupanda ngazi za ofisini akahema na moyo kumdunda. Kichwa humuuma, nywele hunyonyoka, kucha hukatika, na miguu humsumbua usiku asipate usingizi. Wengine hutamani vitu visivyo chakula: udongo, mchele mbichi, barafu, au yale mawe ya odowa yanayouzwa sokoni. Watu hudhani odowa ni tamaa ya waja wazito peke yao. Ukijikuta unayatafuna kila siku, nenda ukapimwe damu, uwe mja mzito au usiwe.

Tangi la maji juu ya nyumba likikauka, fundi mzuri hauliza tu maji ya kulijaza yatatoka wapi. Hutazama kama maji yanaingia, kama kuna bomba linalovuja, na kama njia ya kuingilia imeziba. Chuma nacho hupungua kwa njia hizo tatu: huli cha kutosha, au damu inakutoka, au utumbo haukifyonzi. Siliaki imo katika njia ya tatu. Daktari anayekuandikia vidonge vya damu bila kujiuliza ni njia ipi amelijaza tangi tu.

Vipimo vya kuanzia

Kipimo cha kwanza ni hesabu kamili ya damu. Kwa kawaida, mwanamke asiye na mimba huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini yake ikiwa chini ya gramu 12 kwa kila desilita, na mwanamume ikiwa chini ya 13. Lakini viwango hivyo ni vya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Katika nyanda za juu hewa ni nyepesi, na mwili hutengeneza hemoglobini zaidi. Shirika la Afya Duniani hutaka viwango virekebishwe kulingana na mwinuko wa mahali. Kwa hivyo jibu ambalo ni zuri kwa mkazi wa Mombasa laweza kuwa pungufu kwa mkazi wa Nairobi, na zaidi kwa mkazi wa Eldoret.

Kipimo cha pili ndicho husahaulika. Ni feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma. Mtu aweza kuwa na hemoglobini ya kawaida na akiba yake imekwisha, akachoka kila siku na kuambiwa hana ugonjwa. Kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, feritini iliyo chini ya 15 inaonyesha kwamba chuma hakipo. Hata hivyo kipimo hiki kina ujanja wake. Hupanda mtu akiwa na homa, uambukizo au uvimbe wowote mwilini. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lilisema mtu mzima mwenye uambukizo ahesabiwe kuwa na upungufu hata feritini ikifika karibu 70. Daktari asiyekuuliza kama ulikuwa na malaria wiki iliyopita aweza kulisoma jibu hilo vibaya.

Tena si kila upungufu wa damu ni wa chuma. Selimundu, malaria, virusi vya ukimwi, ugonjwa wa figo na ukosefu wa vitamini B12 au foleti vyote hupunguza damu. Mtu wa namna hiyo akipewa chuma bila kupimwa hatapona.

Tafuta karibu kwanza

Hapa ndipo ningependa tusikilizane, msomaji. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za watu wenye upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma. Ulikuta kwamba kama watu 3 kati ya 100 walikuwa na siliaki. Tatu si idadi ya kudharau, na ndiyo sababu nasema kipimo chake kifanywe. Lakini hebu tuwaulizie wale 97 waliobaki, kwa maana uwezekano mkubwa ni kwamba wewe umo miongoni mwao.

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, sababu ya kwanza ni hedhi. Wengi hawajui kwamba hedhi yao ni nzito, kwa kuwa hawana mtu wa kujilinganisha naye. Ikiwa unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, unatokwa na mabonge ya damu, au hedhi inapita siku saba, mwambie daktari. Uvimbe katika mji wa uzazi ni jambo la kawaida kwa wanawake wetu. Koili ya shaba, ambayo ni njia nzuri ya kupanga uzazi, nayo yaweza kuongeza hedhi. Hali kadhalika, mama aliyezaa watoto wanaofuatana kwa karibu huwa ametoa chuma chake kwa kila mmoja wao.

Pili ni minyoo ya safura, inayojing'ang'aniza katika ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Usiseme wewe ni mtu wa mjini. Hupenya kwenye ngozi ya miguu, na likizo ya Desemba mashambani bila viatu inatosha. Kichocho nacho hupatikana kandokando ya Ziwa Victoria, katika mashamba ya mpunga ya Mwea na pwani. Kipimo cha choo hakigharimu fedha nyingi, na tiba ya safura ni dawa ya kawaida.

Tatu ni tumbo lenyewe. Bakteria aitwaye H. pylori huleta vidonda na pia huzuia chuma kufyonzwa. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu hununua madukani kama peremende kwa ajili ya mgongo na magoti, huweza kuvujisha damu tumboni pole pole bila maumivu yoyote. Ukienda kwa daktari, mtajie kila dawa unayomeza, hata ile uliyopewa na jirani.

Nne, na hili nalisema kwa uzito, ni saratani ya tumbo au ya utumbo mpana. Mwanamume wa umri wowote, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, hana njia ya kawaida ya kupoteza damu. Akikosa chuma, lazima atafutwe damu inakovuja, na mara nyingi hilo huhitaji endoskopia ya juu na ya chini. Chukua mfano wa mzee wa miaka 58 anayechoka na tumbo kujaa gesi. Anasoma kuhusu gluteni, anaacha mkate, gesi inapungua kidogo, na anajisifu kwamba amepata dawa. Ikiwa ana uvimbe katika utumbo mpana, miezi sita hiyo aliyokula nduma na viazi vitamu akisubiri damu irudi ndiyo miezi ambayo uvimbe huo ungeondolewa ukiwa bado mdogo.

Siliaki ni ugonjwa gani?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa watu wengi haina madhara. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huiona kama adui, na katika kupigana nayo huuharibu utumbo mwembamba wenyewe. Ukuta wa utumbo huo una vijidole vidogo sana, mfano wa nyuzi za taulo, vinavyofyonza chakula. Vita hivyo hulisugua taulo mpaka likawa kama shuka. Na sehemu inayoumia zaidi, ile ya kwanza baada ya tumbo, ndiyo hasa inayofyonza chuma. Ndiyo maana upungufu wa damu waweza kuwa dalili ya pekee, bila kuharisha wala kukonda.

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Samuel Gee wa London mwaka 1888, lakini yeye hakujua chakula gani kinauleta. Aliyeligundua hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945, mkate ulipokuwa adimu nchini humo, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporudi, walizidiwa tena. Mwaka 1950 aliyaeleza matokeo yake katika tasnifu ya udaktari.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Sivyo. Ulimwenguni humpata kama mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi katika bara letu hili, ulikuta zaidi ya 5 kati ya 100 wanao, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Unapatikana Afrika ya Kaskazini, Sudan na India. Kusini mwa Sahara tafiti ni chache, na daktari asiyetafuta hapati. Familia za Kenya zenye asili ya Bara Hindi, ya Kiarabu na ya Kisomali hula ngano kwa wingi tangu zamani, na siku hizi mkate, mandazi na chapati viko katika kila nyumba ya mjini. Daktari anayesema "huo si ugonjwa wa hapa" amesema jambo ambalo hana hakika nalo.

Mbali na damu kupungua, dalili zake ni kuharisha au kufunga choo, tumbo kujaa, kukonda, vidonda vya mdomo visivyokoma, mifupa kuwa dhaifu, na upele wa kuwasha wenye malengelenge kwenye viwiko, magoti na matako. Mtoto hudumaa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ugonjwa wa tezi ya shingo au hali ya Down yuko katika hatari zaidi. Ukiwa na mzazi, ndugu au mtoto mwenye siliaki, uwezekano wako wa kuwa nayo ni kama 1 kati ya 10.

Kwa nini usiache ngano kabla ya kipimo

Kipimo cha kwanza cha siliaki ni cha damu. Maabara hukiandika tTG-IgA. Hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza anapokula gluteni. Soma tena maneno hayo: anapokula gluteni. Ukiiacha ngano, kingamwili hupungua kidogo kidogo na utumbo huanza kupona. Ukipimwa wakati huo, jibu laweza kusema huna ugonjwa, na ilhali unao. Daktari atakuruhusu kurudi kwenye mkate, damu itapungua tena, na safari hiyo hakuna atakayeishuku siliaki, kwani si "ulipimwa ukaonekana huna"?

Kwa hivyo ikiwa hujaacha, usiache. Ikiwa umekwisha kuacha, mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza husema urudie kula vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kupimwa. Kwetu hiyo ni sawa na kula mkate asubuhi na chapati jioni. Wapo ambao huumwa sana wakijaribu hivyo. Hao wasilazimishwe, wazungumze na daktari bingwa wa tumbo. Kipo kipimo cha jeni za DQ2 na DQ8 kisichotegemea chakula. Asiye na hata moja kati ya jeni hizo ni vigumu sana awe na siliaki. Lakini watu wengi wenye afya wanazo, kwa hiyo kuzikuta peke yake si ushahidi wa ugonjwa.

Pamoja na tTG-IgA, omba kiwango cha IgA yote kipimwe. Kama wagonjwa 2 au 3 kati ya 100 wenye siliaki hawana IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kawaida hudanganya. Hao hupimwa kwa njia nyingine.

Majibu yakionyesha siliaki, mtu mzima kwa kawaida hufanyiwa endoskopia. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, na kuchukua vipande vidogo vya utumbo, visivyopungua vinne, vikatazamwe kwa hadubini. Watoto wenye kingamwili nyingi mno, mara 10 au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, huweza kuthibitishwa kwa vipimo vya damu peke yake chini ya bingwa wa watoto. Na hapa Kenya daktari akumbuke kwamba vijidole vya utumbo huweza kusawazika kwa sababu nyingine pia: vijidudu vya giadia, kifua kikuu cha utumbo, virusi vya ukimwi, hata dawa ya shinikizo la damu iitwayo olmesartani. Kipande cha utumbo kisisomwe bila historia ya mgonjwa.

Vipo pia vipimo vinavyouzwa mijini kwa maelfu ya shilingi, ambavyo hukupa orodha ndefu ya vyakula usivyopatana navyo kwa kutazama kingamwili za IgG dhidi ya kila chakula. Vyama vya madaktari wa mzio wa Ulaya na Canada vimekwisha kutoa onyo kwamba vipimo hivyo visitumiwe kutambua maradhi. Kingamwili hizo huonyesha tu kwamba umewahi kukila chakula hicho. Nimewaona watu wakija na karatasi zinazowakataza ngano, mayai, maziwa, maharagwe na ndizi kwa pamoja. Mtu aliyepungukiwa na chuma ukimwondolea mayai na maharagwe, unategemea apone kwa kula nini?

Na ikiwa si siliaki?

Majibu yakiwa safi na ulikuwa ukila ngano, siliaki haielekei kuwa ndiyo sababu. Hiyo haina maana kwamba tumbo lako linakusingizia. Wapo wasio na siliaki ambao hujisikia vibaya wakila ngano. Kwa baadhi yao shida si gluteni bali ni sukari fulani za ngano, zilizomo pia katika vitunguu na maharagwe. Wengine shida yao ni maziwa. Watu wazima wengi Waafrika hawasagi vyema sukari ya maziwa, na mtu anayelaumu mandazi huenda anasumbuliwa na vikombe vitatu vya chai ya maziwa alivyoteremshia mandazi hayo. Hao wanaweza kupunguza ngano wakipenda. Lakini hali zao haziuharibu utumbo jinsi siliaki inavyofanya, na haziwezi kulaumiwa kwa damu iliyopungua. Sababu ya hiyo lazima iendelee kutafutwa.

Ikiwa ni siliaki kweli

Hakuna dawa ya kumeza inayoponya. Tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote, si siku za kazi tu huku harusini ukijiachia. Habari njema ni kwamba jiko la Mkenya halihitaji vyakula ghali vya kutoka ng'ambo. Ugali wa mahindi, wimbi, mtama, muhogo, wali, viazi, nduma, ndizi, githeri, ndengu, samaki, nyama na mboga zote havina gluteni. Kazi iko katika vitu vilivyofichika. Soseji nyingi hutiwa unga wa ngano. Viazi karai hupakwa unga huo. Chipsi hukaangwa katika mafuta yaliyokaanga sambusa. Unga wa uji wa mchanganyiko na viungo vya pakiti lazima usome maandishi yake. Bia nyingi hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Shayiri-uji ile ya kizungu, yaani oti, yenyewe huwafaa wagonjwa wengi, lakini mara nyingi husagwa pamoja na ngano. Hata mashine ya kusagia ya mtaani, ikiwa imesaga ngano kabla ya mahindi yako, huuchafua unga. Wakatoliki nao wajue kwamba hostia hutengenezwa kwa ngano. Kanisa huruhusu zile zenye gluteni kidogo sana, na padri aweza kuulizwa.

Kuna jambo jingine. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa katika pakiti utiwe chuma na vitamini. Mtu anayeacha unga wa ngano, kisha akategemea mahindi ya mashine ya mtaani na wali, amekosa pia chuma hicho. Kwa hiyo apange mlo wake, ikiwezekana na mtaalamu wa lishe. Apimwe pia foleti, B12, vitamini D na mifupa, na ndugu zake wapimwe.

Jinsi ya kumeza chuma

Sababu yoyote iwayo, chuma lazima kirudishwe. Wengi huambiwa wameze mara tatu kwa siku, tumbo likawachafuka, wakaacha baada ya wiki moja. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kipimo kikubwa cha chuma huufanya mwili ufunge mlango kwa muda, na kile kinachofuata upesi hakiingii vizuri. Kidonge kimoja kwa siku, au hata siku moja baada ya nyingine, humtosha mtu mzima mara nyingi na hakimsumbui sana. Fuata agizo la daktari wako, na ukiwa mja mzito usibadilishe lolote bila kumwuliza mkunga.

Kimeze na maji au maji ya chungwa, usikimeze na chai wala maziwa. Chai huzuia chuma kuingia. Iache ikae saa moja au mbili mbali na chakula na dawa. Choo kitakuwa cheusi, usitishike. Na vidonge viwekwe mbali na watoto, kwani chuma kingi huweza kumwua mtoto. Hemoglobini yapaswa kupanda kwa gramu 2 hivi katika wiki nne. Ikishapanda, endelea kwa miezi mitatu zaidi ili akiba ijae. Isipopanda nawe umemeza sawasawa, hapo ndipo swali la utumbo usiofyonza lirudi mezani, na siliaki ipimwe ikiwa haijapimwa. Mwenye utumbo ulioharibika huenda akahitaji chuma cha kutundikiwa mshipani.

Kwa madaktari wenzangu naomba mambo mawili. Tuache kuandika "upungufu wa damu" kama jibu, kana kwamba kazi imekwisha. Na tunapotuma damu ya mtu mwenye upungufu wa chuma usio na sababu iliyo wazi, tuongeze tTG-IgA na IgA kwenye fomu, awe mgonjwa ni wa kabila lolote.

Na wewe msomaji, utakapoambiwa damu yako imepungua, usitoke chumbani kabla ya kuuliza haya: Je, ni chuma kilichopungua, na feritini yangu ni ngapi? Kinapotelea wapi? Nimepimwa choo, na je, hedhi yangu au dawa ninazomeza zaweza kuwa sababu? Nahitaji kupimwa siliaki, na niendelee kula ngano mpaka lini? Nirudi lini tuone kama damu imepanda? Andika majibu yake, na uihifadhi karatasi ya maabara nyumbani pamoja na zile za zamani. Daktari atakayeiona miaka mitano ijayo atakushukuru.